Whip-Ma-Whop-Ma-Gate: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtaa wa York wenye jina refu kuliko wenyewe

Nimekaa kaskazini mwa Uingereza miaka ya kutosha kuwa mwenyeji wa ndugu na marafiki wanaokuja kutembea, na kila nikiwapeleka York tunaishia chini ya kibao kile kile. Wanasoma, wanacheka, wanapiga picha, halafu maswali yanaanza. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake, ili safari ijayo nipumue kidogo.

Huo mtaa unaitwaje hasa?

Whip-Ma-Whop-Ma-Gate, na vistari vyake vyote vinne. Tamka "wip-ma-wop-ma-geit" kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati utajing'ata ulimi.

Uko wapi?

Katikati ya York, mji wa kale wa Yorkshire ulioanzishwa na Warumi mwaka 71 kwa jina la Eboracum. Treni kutoka London hadi hapo ni kama saa mbili. Ukishuka stesheni, vuka mto Ouse, ingia mji wa ndani ya kuta, uliza mtaa wa Shambles ulipo, maana huo kila mtu anaujua. Ukitokea mwisho wa chini wa Shambles, geuka kushoto. Hatua chache tu na umeshafika. Hatua nyingine chache na umeshapita. Mtaa wote una takriban mita 35, kutoka unapokutana na barabara iitwayo Pavement hadi unapoingia Colliergate. Watu wengi huupita bila kujua kwamba walikuwa mtaa mwingine.

Geti liko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mgeni wa kwetu, na kosa si lake. Sisi "gate" tumeshaifanya geti, lenye mlinzi na kitabu cha wageni, kwa hiyo macho yanatafuta chuma. Hapa hakuna geti.

Mwaka 866 jeshi la Waviking liliuteka mji huu, na mji ukaitwa Jórvík. Mfalme wao wa mwisho, Eric Bloodaxe, alifukuzwa mwaka 954. Wafalme waliondoka, lakini maneno yalikuwa yameshazama kwenye midomo ya watu, na mojawapo ni "gata", yaani mtaa. Ndiyo maana York kuna Micklegate (mtaa mkubwa), Goodramgate (mtaa wa mtu aliyeitwa Guthrum), Coppergate (mtaa wa wachongaji wa vikombe vya mbao, si wa shaba kama jina linavyodanganya). Hapo Coppergate ndipo wachimbaji wa mambo ya kale, kati ya 1976 na 1981, walipofukua nyumba na karakana za Waviking wenyewe. Msomaji aliyeko Stockholm, Uswidi, hahitaji maelezo haya: bila shaka barua zake zinafika kwenye anwani inayoishia na "gatan".

Sasa utauliza, na malango halisi ya mji yanaitwaje? Yanaitwa "bar". Bootham Bar, Monk Bar, Walmgate Bar, Micklegate Bar. Wenyeji wana kauli yao ambayo kwa Kiswahili inatoka vizuri kuliko hata kwao: York mitaa ni mageti, mageti ni baa, na baa ni pabu. Shemeji yangu aliposikia tunakwenda Micklegate Bar alivaa shati safi. Alichokikuta ni lango la mawe ambalo zamani vichwa vya waliohesabiwa kuwa wahaini vilitundikwa juu yake. Kimoja kilikuwa cha Richard, Duke wa York mwenyewe, baada ya kuuawa vitani mwaka 1460.

Haya, geti tumeelewa. Na hiyo "Whip-Ma-Whop-Ma" maana yake nini?

Tuanze na maandishi, maana mdomo hauna kumbukumbu. Mwaka 1505 mtaa huu uliandikwa *Whitnourwhatnourgate*. Lisome tena taratibu: whit-nour-what-nour-gate. Hakuna "whip" humo. Hakuna "whop". Hakuna hata herufi P moja.

Kibao cha kumbukumbu kilichowekwa mtaani kinasema maana yake ni kama mshangao: mtaa gani huu! Lakini ukiusikia kwa sikio la Kiswahili unaupata mara moja ule mshangao wa kejeli, ule wa mtu aliyesimama kiunoni kajishika, anatazama huku na huku: "Huu nao ni mtaa?" Wapo wanaolifasiri jina kuwa "si hiki wala si kile", na mimi naona fasiri hizi mbili hazigombani. Pima mwenyewe: kipande cha njia kifupi kiasi hiki, kilichobanwa kati ya Colliergate na Pavement, ubavuni mwa palipokuwa na kanisa. Si mtaa kamili, si kichochoro, si uwanja. Mtu wa mjini akiulizwa unakaa wapi, ajibu nini? "Pale, pale pasipojulikana ni wapi."

Kwa hiyo, kwa ninavyoona, jina lilianza kama utani. Na utani una tabia yake: waliouanzisha wakishakufa, wanaobaki hawaoni tena kinachochekesha, ila neno wanalo. Hapo ndipo viboko vinapoingia.

Si watu walikuwa wakichapwa viboko hapo?

Hii ndiyo hadithi utakayosimuliwa na karibu kila anayetembeza wageni, na ina ladha. "Whip" ni mjeledi, au kupiga kwa mjeledi. "Whop" ni kutandika. Ukiyaunganisha unapata kitu kama "mchape-mtandike", na hapo hapo akili inaona nguzo, mtu amefungwa, na umati unahesabu.

Na ukitazama mazingira, hadithi haikukosa mbolea. Pavement, iliyo jirani kabisa, ilikuwa sehemu ya soko, ya matangazo ya serikali na ya adhabu za hadharani. Hapo ndipo tarehe 22 Agosti 1572 Thomas Percy, Earl wa saba wa Northumberland, alipokatwa kichwa kwa kushiriki uasi wa wakuu wa kaskazini dhidi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kiwiliwili chake kilizikwa katika kanisa la St Crux, lililopakana na mtaa wetu. Watu wa mji uliozoea kuona mkatale na damu wakisikia "whip" hawana haja ya kamusi.

Shida ni ile herufi P. Kama mtaa ungepewa jina kwa sababu ya kuchapa, mwaka 1505 tungetarajia kuliona neno la kuchapa. Halipo. Mjeledi umeingia baadaye, kwa njia ya sikio: "whit" ambayo haikueleweka tena ikasikika kama "whip" inayoeleweka, na "what" ikaburuzwa nyuma yake ikawa "whop". Baada ya hapo ikabidi jina litafutiwe kisa cha kulieleza. Wageni wangu wengi huwa hawapendi jibu hili. Walishampa kichwani mwao yule mtu aliyefungwa nguzoni sura na majina.

Na ile hadithi ya mbwa?

Hiyo ni tamu zaidi, na sehemu yake ni ya kweli. York ilikuwa na desturi ya kuchapa mbwa mitaani tarehe 18 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, hata siku yenyewe ikaitwa "Siku ya Kuchapa Mbwa". Anayeisimulia ni Francis Drake, daktari wa upasuaji wa York aliyechapisha historia kubwa ya mji mwaka 1736 (si yule baharia, majina tu yamegongana). Kwa masimulizi aliyoyakuta, hapo kale padri alikuwa akiadhimisha misa siku hiyo katika kanisa moja la mji, akaangusha hostia (mkate uliowekwa wakfu wa misa), na mbwa aliyekuwa amejilaza chini ya altare akainyakua na kuimeza. Mbwa akauawa, na kizazi chake chote kikaanza kulipa deni hilo kila mwaka mikononi mwa watoto.

Desturi ipo kwenye maandishi. Kisa cha hostia ni masimulizi. Kuiunganisha desturi hiyo na mtaa huu ni kazi ya waliokuja baadaye, na inagonga mwamba ule ule: mwaka 1505 hakuna "whip" ya kumchapia mbwa.

Hiyo "Ma" ni mama?

Hapana. Ni kituo cha ulimi tu, cha kufanya jina lidunde. Binti ya rafiki yangu aliuliza kama ni "ma" ya wingi, kwamba labda kulikuwa na mawhip na mawhop. Nilimpa chokoleti kwa swali hilo.

Inawezekanaje neno libadilike hivyo na watu wasishtuke?

Hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna anayebadilisha. Kila kizazi kinaamini kinalitamka kama kilivyolirithi. York imejaa ushahidi. Blossom Street leo ukilisoma unafikiria maua ya masika, lakini jina lake la kale lilikuwa *Ploxswaingate*, mtaa wa wakulima wa majembe ya kukokotwa. Sema "ploxswain" harakaharaka mara ishirini mbele ya mtu asiyejua jembe, utaona maua yanavyochipua. Coney Street nayo inasikika kama mtaa wa sungura, kwa sababu "coney" ni neno la kale la Kiingereza la mnyama huyo. Ukweli ni kwamba ulikuwa mtaa wa mfalme. "Mfalme" wa lugha ya kale ndiye aliyeota masikio marefu.

Na pengine mabadiliko yalifanywa kwa aibu. Grape Lane, ya hapo hapo York, haina uhusiano na zabibu. Karne ya 14 jina lake lilitaja waziwazi, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika mbele ya wazee, kazi iliyokuwa ikifanyika humo usiku. Wastaarabu wakalikata na kulisugua mpaka likabaki tunda.

Kweli ndio mtaa mfupi kuliko yote York?

Ndivyo mji unavyojivunia, na sijamwona mtu akizunguka na futi kamba kupinga. Uzuri wa sifa hiyo uko katika kukutana kwake na jina: mtaa mfupi kabisa, jina refu kabisa. Kibao kingekuwa kirefu kidogo tu kingeanza kuhesabiwa kama jengo.

Ila jua kwamba unachokiona leo sicho walichokiona watu wa 1505. Mwaka 1955 ilifunguliwa barabara mpya iitwayo The Stonebow, ikapasua eneo hili na kuufungua mtaa upande wa mashariki. Kwa hiyo ule upande haukubani tena. Umesimama kwenye njia panda yenye mabasi, na kama hukuambiwa utadhani ni ukingo wa barabara kubwa. Mimi naona hasara ipo. Mtaa ulioitwa "huu nao ni mtaa?" wakati ukiwa na kuta pande zote, leo tungeuitaje?

Nini kilitokea kwa hilo kanisa la St Crux?

Lilibomolewa miaka ya 1880 baada ya kuchakaa. Lilikuwa miongoni mwa makanisa makubwa ya parokia mjini York, na St Crux maana yake ni Msalaba Mtakatifu. Kwa mabaki yake kukajengwa ukumbi wa parokia, ambao bado upo, kona ya Pavement, Shambles na mtaa wetu. Ndani, kumbukumbu za mawe za matajiri wa zamani, zilizookolewa kanisani, zimewekwa ukutani zikitazama meza na viti vya kukunja. Nitarudi kwenye viti hivyo.

Na Shambles yenyewe, nayo si jina la ajabu?

Ndiyo, na wageni huwa hawaulizi kwa sababu linasikika vizuri. Ulikuwa mtaa wa wachinjaji na wauza nyama. Jina linatokana na neno la kale la benchi au rafu za kupangia nyama. Tazama madirisha ya maduka: chini yake bado kuna rafu pana za mbao, na juu kulabu za kutundikia mapande. Ghorofa za juu zimejitokeza mbele kiasi kwamba majirani wa pande mbili wangeweza karibu kupeana chumvi dirishani. Leo rafu zile zimebeba peremende na fimbo za kichawi za watoto.

Kaskazini mwa Uingereza kuna mtaa mwingine unaoweza kushindana na huu?

Upo mmoja tu ninaoukubali, nao uko Hull, mji wa bandari kama kilomita 60 kusini mashariki mwa York. Unaitwa Land of Green Ginger. Ndiyo, hilo zima ni jina la mtaa. Anayekaa hapo anaandika anwani yake kama mtu anayeishi ndani ya ngano.

Usitafsiri "Nchi ya Tangawizi ya Kijani". "Green ginger" kwa Kiingereza cha zamani ni tangawizi ambayo haijakaushwa. Sisi tungesema tangawizi mbichi, ile unayoiponda na kuitia kwenye chai. Kwetu ni kitu cha sokoni tu. Kwa mji wa baridi ulio kando ya mto Humber kilikuwa kitu kilichosafiri mbali kufika, na hapo ndipo maelezo ya kwanza yanapotokea: kwamba viungo viliuzwa au kuhifadhiwa hapo enzi za kati. Bandari ni bandari, haishindikani.

Maelezo ya pili yanatafuta Mholanzi. Hull imefanya biashara na Uholanzi karne nyingi, na wapo waliosema jina ni *Lindegroen jonger*, yaani Lindegroen mdogo, likasagwa na midomo ya Waingereza. Familia ya jina la karibu na hilo iliishi Hull kweli, lakini mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mtaa ulikuwa umeshaitwa hivyo zamani. Mjukuu hawezi kumzaa babu. Mimi nabaki na tangawizi, ingawa nakiri pua yangu ina upendeleo.

Mtaa huo nao ni mfupi. Una pabu moja ya kale, The George, na ukutani kuna ufa mwembamba wenye kioo ambao Hull inaudai kuwa dirisha dogo kuliko yote Uingereza. Inasemekana mlinzi wa mlango alichungulia hapo kuona magari ya farasi yakija. Nilitumia dakika tano kulitafuta huku nimesimama mbele yake.

Na ukiwa Hull, usiondoke bila kwenda High Street kwenye nyumba alimozaliwa William Wilberforce mwaka 1759, mbunge aliyeongoza mapambano bungeni hadi Uingereza ikapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Leo ni makumbusho. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka Nchi ya Tangawizi.

Watu wanaishi Whip-Ma-Whop-Ma-Gate?

Majengo ni machache mno, na mengi ya shughuli zake ni biashara. Lakini anwani zipo, na namba za milango zipo. Ninachojiuliza kila mara ni yule wa huduma kwa wateja, kwenye simu, anayeombwa aandike jina la mtaa herufi kwa herufi.

Nikienda nifike lini, na nifanye nini nikishapiga picha?

Asubuhi, kabla ya saa nne, kabla makundi hayajajaa Shambles. Simama chini ya kibao cha jina, kisha tafuta kile cha kumbukumbu na lile neno la 1505 ulione kwa macho yako.

Halafu ingia ule ukumbi wa St Crux. Vikundi vya hisani hupokezana kuutumia, na siku nyingi utakuta akina mama wamepanga keki za kuoka nyumbani juu ya meza, na birika kubwa linachemka pembeni. Mara ya mwisho nilikwenda na mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu. Alikunywa chai ile ya rangi ya matope wanayoipenda huku, akaitazama kumbukumbu ya bwana mmoja wa mawe aliyekuwa ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba bwana yule angesikia:

"Mwanangu, hawa wana tangawizi?"

Nikamwambia, Hull labda.